Jino Lililosingiziwa

Mwanangu alipotimiza miezi 7, kinywa chake kiligeuka mfereji. Udenda ulishuka kidevuni, ukapita shingoni, ukalowesha fulana 4 kwa siku, na chochote alichokishika kilikwenda kinywani: pindo la mkeka, ushungi wa mamake, hata kidole gumba cha mguu wangu nilipojisahau nikalala karibu naye. Usiku alilia kwa zamu na jogoo wa jirani. Akinyamaza mmoja, aanza mwenziwe. Mtaa wetu wa Langoni, ambao haungoji kuitwa ili utoe hukumu, ukahukumu siku ile ile: meno.

Mimi ni fundi wa mbao. Nachonga milango, makasha na fremu za vioo. Nikajiambia, ikiwa haja ya mwana ni kutafuna, basi kazaliwa nyumba yenyewe. Nikachagua kipande cha mwembe, nikakichonga pete ya kumtosha mkononi, nikaipiga msasa siku 2 mpaka ikateleza kama kijiwe cha ufuoni. Sikutia vanishi wala rangi. Wallahi pete ile ningemuonyesha mtalii angeinunua bila kuuliza ni ya nini. Mwana akaipokea, akaigeuza, akaitupa chini ya kitanda. Nikaiosha, nikampa tena. Akaitupa. Mara ya 3 akanitwanga nayo puani, nikashukuru kwamba msasa niliupiga vizuri.

Yeye alitaka bakora ya babu yake.

Sina budi nimweleze kidogo huyu babu, yaani baba mkwe wangu. Ni mtu wa goma. Asiyeijua goma ya Amu, yaani mji wetu wa Lamu, awafikirie wanaume waliovaa kanzu nyeupe, wamepanga mstari, kila mmoja na bakora yake, ngoma zalia, nao wanayumba pole pole kama mashua zilizotiwa nanga, bakora zikipanda na kushuka kwa pamoja. Hakuna anayeruka, hakuna anayetoka jasho la bure. Mzee amesimama katika mstari huo tangu ujana wake, na bakora yenyewe aliirithi kwa babake: nyeusi, nzito, ina pete ya fedha karibu na kishikio. Mtaani twamjua kwa mlio kabla hatujamuona. Ko, ko, ko. Watoto wanaocheza mpira kichochoroni wakisikia ko ya kwanza, mpira hauonekani ulikokwenda.

Kila siku baada ya sala ya alasiri mzee alikuja kumuona mjukuu. Huvua makubadhi yake mlangoni, huingia, hukaa kwenye kiti nilichokitengeneza mwenyewe, ambacho kila siku huniambia mguu wake mmoja ni mfupi (si kweli, nimeupima). Mwana yuko chini mkekani. Magoti ya mzee siku hizi hayakunjiki, kwa hivyo hamwamkii mjukuu kwa mkono, humwamkia kwa bakora: hushika kishikio, akateremsha ncha mpaka mkekani, akamtekenya nayo tumboni.

Siku ya kwanza ya udenda, mwana aliidaka ile ncha kwa mikono miwili, akaitia kinywani, akanyamaza.

Nyumba nzima ikanyamaza. Mke wangu akatokeza jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Mzee akatabasamu, jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara 1 tu, siku ya nikahi yangu, na hata siku hiyo alikuwa akimtabasamia mtu mwengine.

"Mwamuona?" akasema. "Yuwajua mali, mwana huyu."

Sasa, kwa msomaji asiyefika Amu. Mji wetu wa kale hauna barabara za magari, una vichochoro, na vingine ukinyoosha mikono wagusa kuta za majirani wawili wasiosemezana. Mchanga, saruji, mawe, magunia ya unga, masanduku ya soda, vyote vyabebwa na punda au mkokoteni. Punda hao hawana choo cha kwenda. Ongeza mifereji inayopita kando ya kuta, ongeza paka, ongeza magamba ya samaki karibu na soko. Mtu akitoka Mkomani mpaka Langoni, viatu vyake vyajua habari za mji mzima. Ndiyo maana sote twavua viatu mlangoni.

Bakora haivuliwi.

Niliona. Siwezi kusema sikuona; kazi yangu ni kuangalia mbao, na ile ncha ilikuwa na rangi 2, nyeusi yake ya asili na nyengine. Lakini mtu humwambiaje baba mkwe kwamba bakora ya marehemu babake ni chafu? Tena mahari nilikuwa sijaimaliza. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema nilipe kidogo kidogo, na hakunikumbusha hata siku 1, na hakuna deni linalofunga mdomo kama la mtu asiyekukumbusha. Nikabaki na hila. Akiingia tu, namkimbilia: "Baba, lete nikushikie bakora." "Acha. Mwana aitaka." Siku moja nilijifanya imeniponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mzee alinitazama kama mtu anayehesabu mahari upya.

Siku ya 5, tumbo likaanza.

Sitalieleza kwa kirefu. Wenye watoto wajua, wasio nao wawe na subira, zamu yao yaja. Niseme tu kwamba mwana aliendesha kila baada ya saa 2 au 3, maji matupu, rangi ya mchuzi wa bizari, na kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu asiyeweza hata kusimama. Pampasi za Amu huvuka kwa boti kutoka Mokowe kama karibu kila kitu, na bei yake ni kana kwamba zilikata tikiti ya kiti cha mbele. Pakiti ya pili ilipoisha, tukarudi kwenye winda. Mama mkwe akaleta furushi la leso kuukuu zilizochanwa, akanifundisha kumfunga mwana. Mimi ninayeunga mlango bila msumari nilishindwa na kitambaa cha pembe 3.

Washauri nao wakaja. Mama mkwe alimfunga mwana mvuje mkononi, na kwa harufu ile, ikiwa kijicho kina pua, hakikupita hata kwenye daka la mlangoni. Akamtia wanja mpaka mwana akafanana na bi harusi aliyelia. Shangazi yangu akataka kumpaka asali ufizini. Jirani wa juu akateremsha chupa ya gripu wota kwa kikapu na kamba. Dukani nikauziwa jeli ya kutia ganzi ufizi. Nikaijaribu kwanza kwenye ulimi wangu, na sala ya magharibi siku hiyo niliisoma kimoyomoyo kwa kukosa ulimi. Kisha akaja mwanamke mmoja, simtaji, akasema yuko mtu amjuaye hung'oa "meno ya plastiki", hupasua ufizi kwa ncha ya chuma akayatoa, na kuendesha kukakoma. Mke wangu, ambaye sijamsikia akimpandishia sauti mtu aliyemzidi umri, alimuonyesha mlango kwa ufagio. Na chai yake mgeni alikuwa hajaimaliza.

Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyetilia shaka jino. Barazani ndiko usiseme. Nahodha mmoja mstaafu alisema wanawe wote waliendesha kwa meno, na mmoja aliendesha kutoka Kizingitini mpaka Mombasa, chombo kizima kikilala upande wa upepo. Mwengine akasema kila jino lina harisho lake, na ya magego ni ya kuombewa dua.

"Kwani meno ya utotoni ni mangapi?" nikauliza.

"20."

Nikapiga hesabu njiani. Kama kila jino ni siku 4, hizo ni siku 80. Pampasi 8 kwa siku, ni 640. Nilikaa kwenye daka la watu nisiowajua mpaka nguvu za miguu ziliponirudia.

Yote haya yaliangukia wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, mji unapojaa wageni mpaka mtu akikohoa Mkomani wamuombea afya Langoni. Kuna mashindano ya punda, ya majahazi, ya kuogelea, ya bao. Na kuna goma. Siku hiyo wanawake wa nyumba walikuwa na masufuria ya pilau, nami nikapewa mwana. "Mtoe apate upepo," mke wangu akasema, "lakini usikawie." Nikamfunga winda 2, moja juu ya nyengine, nikaona nimejenga ukuta.

Goma ilichezwa Mkunguni, mbele ya Ngome. Ngome hiyo imesimama hapo tangu 1821 na imeona mengi, nayo siku hiyo iliongezewa. Wachezaji walipopumzika, mzee aliketi kwenye baraza la mawe na wazee wenziwe, wote weupe kama safu ya yangeyange. Kanzu yake ya siku hiyo aliletewa kutoka Maskati. Kofia ilikuwa ya kushonwa kwa mkono, kazi ya miezi, tundu tundu kila moja na uzi wake. Akaniona. Akaniashiria kwa bakora.

"Nipe mwana, wamuone."

Nilikuwa nimempakata mwana, na chini ya kiganja changu nilihisi kitu kinazunguka tumboni mwake kama pia. Nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo.

"Baba, mwana huyu leo..."

"Nipe."

Nikampa.

Mwana akakaa pajani kama sultani. Akaivuta bakora, akaipata ncha, akaitia kinywani. Wazee wakasifu: paji la uso la babu, macho ya babu, huyu atacheza goma huyu. Halafu uso wa mwana ukaingia fikira. Mwenye kulea yuwaijua sura hiyo, ya msafiri anayekumbuka katikati ya maji kwamba mzigo kausahau gatini. Nyusi zikakutana, mashavu yakawiva, na ukatoka mlio ambao, kwa vile ngoma zilikuwa zimenyamaza, uliwafikia mpaka wauza halua. Winda ya kwanza haikupigana hata kidogo. Ya pili ilijaribu.

Manjano ikaanza pajani, ikashika njia ya goti, ikateremka kuelekea ukingo wa kanzu, pole pole, kwa madaha, kama goma lenyewe. Hakuna aliyesema neno. Muuza kahawa alibaki na kikombe hewani. Mzee alitazama mbele moja kwa moja, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Ndipo yule aliyekaa kushoto kwake, mzee mwenye miaka 80 na ushei, akainama, akaangalia, akanusa kidogo, akatikisa kichwa kama kadhi.

"Ino," akasema, yaani jino kwa Kiamu. "La yuu, hilo."

Mzee akainuka. Siku zote zile za kuendesha hazikumshtua. Kanzu moja ilimshtua. "Huyu apelekwe kwa daktari sasa hivi," akaamuru, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikataa. Mama mmoja aliyekuwa akipita akamvulia leso yake ya juu amsitiri, na mzee akajifunga kiunoni bila kusoma. Mimi niliyekuwa nyuma yake nilisoma. Ilikuwa imeandikwa WACHE WASEME, na maandishi yalikaa palepale yalipopata nafasi ya kutosha.

Tukashika njia: mzee mbele na leso, mimi nyuma na mwana aliyeviringishwa kwenye shali, na nyuma yangu kundi la watoto. Kijana mmoja akatupigia kelele kutoka ukutani, "Mpelekeni ya punda, iko karibu!" Na hakukosea: punda wa Amu wana kliniki yao pale ufuoni tangu 1987, na wakiendesha hakuna anayewaambia ni meno. Kichochoroni tukakutana na punda aliyebeba mchanga, akagoma kusonga. Mzee, ambaye siku hiyo alikuwa amechoka na viumbe vyote, akampiga kumbo kwa ncha ya bakora. Nitakuja kuueleza upande aliompiga.

Zahanatini tulimkuta nesi, msichana mwenye miwani aliyesoma darasa moja na mke wangu. Mke wangu na mama mkwe walifika nyuma yetu wakihema, habari ilikuwa imewatangulia jikoni. Nesi hakucheka. Nilimuona akiangalia ukutani kwa muda, lakini hakucheka. Akampima mwana joto: 37.3. Akamfinya ngozi ya tumbo, ikarudi pale pale. Akamgusa utosi, haukubonyea. Mwana akalia kwa kufinywa, na nesi akafurahi. "Analia na machozi yatoka. Hajakaukiwa maji sana. Mumewahi." Kisha akaosha mikono, akapitisha kidole kwenye ufizi.

"Ni kweli meno yaja. Mawili ya mbele, ya chini."

Mama mkwe akatugeukia sote na uso wa ushindi.

"Lakini mama," nesi akasema, "jino laleta udenda, lawasha ufizi, lamkosesha mtu usingizi. Haliendeshi tumbo. Wala homa ya kufika 38 si kazi yake."

"Mwanangu, mimi nimelea 8."

"Najua, mama. 3 kati yao walinibeba mgongoni." Nesi akavuta kiti. "Angalia. Mwana akifika miezi 6 au 7, meno yaanza. Miezi hiyo hiyo ndiyo aanzapo uji. Miezi hiyo hiyo ndiyo aanzapo kutia kila kitu kinywani. Na ile kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mamake yaanza kupungua. Wote hao wafika na boti moja. Lakini jino ndilo laonekana, basi jino ndilo lakamatwa." Akachukua kalamu. "Haya. Mwana yuwatafuna nini nyumbani?"

Mimi nikaangalia pangaboi.

"Pete ya mti," mke wangu akasema. "Babake alimchongea."

"Na nini tena?"

Pangaboi la zahanati ile lina mabawa 3. Moja lina ufa mdogo karibu na skrubu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ningelitengenezaje, niliposikia mwana akinung'unika kwa furaha, na nilipoteremsha macho nilikuta mshtakiwa ameletwa mahakamani na shahidi mwenyewe. Mwana alikuwa amejinyoosha kutoka mapajani mwa mamake, ameivuta bakora iliyoegemezwa mezani, na ncha iko kinywani.

Nesi aliinuka upesi kuliko nilivyodhani anaweza. Aliitoa bakora kinywani mwa mwana, akaishika kwa karatasi, akaiinua kwenye mwanga.

"Baba," akamwambia mzee kwa adabu zote, "samahani. Leo bakora hii imepita wapi?"

Baba mkwe wangu ana sifa nyingi na mojawapo ni kwamba hasemi uongo. "Nimetoka nayo Mkomani," akasema. "Nikapita sokoni, upande wa samaki. Nikateremka gatini kuwaangalia punda wa mashindano. Nikarudi Mkunguni. Na hapo njiani nimemsukuma punda."

"Umemsukuma wapi, baba?"

Mzee aliniangalia mimi. Akamuangalia mkewe. Akaivuta leso ikae sawa.

"Nyuma."

Mama mkwe akajifunika uso kwa buibui, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mpaka leo anasema alikuwa akilia.

Kwa haki niseme nesi hakuihukumu bakora peke yake. Alisema hawezi kuapa. Yaweza kuwa bakora, yaweza kuwa maji, yaweza kuwa uji uliolala bakulini tangu asubuhi akalishwa jioni, yaweza kuwa mikono. Akaniuliza mimi, niliyekuwa nimeanza kujihisi mtu safi, kama naosha mikono nikimaliza kufua winda. Nikasema naosha. "Kwa sabuni?" Nikarudi kwenye pangaboi. Asali akaikataza, mwana asilambishwe mpaka atimize mwaka, kwani yaweza kuwa na kijidudu cha kumlegeza viungo. Ile jeli akasema si ya mtoto mchanga, nikaitupe, na hayo yaitwayo meno ya plastiki ni meno yake mwenyewe hayajatoka, anayeyapasua anamwachia mwana kidonda na damu. Mvuje hakuugusa. Alifungua tu dirisha.

Tukapewa pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki vya miligramu 20: kimoja kila siku kwa siku 14, kiyeyushwe kijikoni, hata kuendesha kukikoma. Pakiti moja kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, si zaidi si pungufu, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kila akiendesha apewe mililita 50 mpaka 100, kijiko kwa kijiko. Akitapika mungoje dakika 10 muanze tena taratibu. Titi lisikatwe, na chakula chake aendelee. Na tukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, au amelegea kama kitambaa, tusipite barazani kuuliza, turudi moja kwa moja.

Nyumbani nikataka kujikomboa. Nikachukua chupa 2 za nusu lita, nikazisuuza, nikaenda kuchota. Kwa haraka zangu nilichota kwenye birika la msalani, lile la kuogea, ambalo kama nyumba nyingi za zamani twafuga ndani yake samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Nilikuwa nimeshafungua pakiti mke wangu aliponishika mkono.

"Hayo ni maji ya wapi?"

Nikatazama chupa. Samaki akanitazama.

Kuanzia hapo nikaondolewa katika idara ya dawa. Maji yakachemshwa na mama mkwe, yakapimwa na mke wangu, na mnyweshaji akawa mzee. Kanzu ilikuwa imelowekwa, kwa hivyo alikaa kwenye kiti changu akiwa amejifunga kikoi changu cha kazi chenye gundi ya mbao, mwana mapajani, kijiko mkononi. Alinywesha jioni nzima kwa mwendo wa goma: kijiko chapanda, kijiko chashuka, kinapumzika, chapanda. Mwana alimfuata kwa macho akanywa vyote. Usiku wa manane nilipoamka bado alikuwa pale, anahesabu kwa sauti ya chini, na alikuwa amefika 61. Aliponiona akasema, "Kiti hiki mguu mmoja mfupi."

Siku ya 3 kuendesha kukakoma. Jino lilitokeza siku 9 baadaye. Mke wangu alilisikia kabla ya kuliona, kijiko kiligonga kikalia ting. Siku hiyo hiyo choo cha mwana kilikuwa kigumu kama cha mtu mzima, nami nilitoka mbio kwenda barazani na habari kwamba jino limetoka na tumbo halikugutuka. Wazee wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha yule wa miaka 80 na ushei akawageukia wenziwe.

"Si nilisema ni ino? Limetoka, na kuendesha kumekoma."

Bakora nayo ilipata sheria mpya, na si mimi niliyeitunga. Mama mkwe ameshona kifuko kutoka kwenye winda safi, chenye uzi wa kukaza, kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango wetu. Mzee akifika, huvua makubadhi, kisha huivisha bakora winda, akaingia. Nje waisikia ko, ko, ko. Ndani yafanya pu, pu, pu. Wiki iliyopita aliiteremsha mkekani kama kawaida, kwa fahari, safi kabisa. Mwana akaishika, akaonja kitambaa, akakunja uso. Akaisukuma kando. Pete yangu ya mwembe ilikuwa hapo hapo karibu na goti lake, akaipita. Siku hizi anatambaa. Tukamtazama sote 4 akivuka chumba, haraka haraka, udenda ukimtangulia, akinyooka kuelekea mlangoni, kwenye makubadhi ya babu yake.